Kuchagua Kati ya Manukato Mawili
Msomaji, chukulia kwamba chupa mbili za manukato zimewekwa mbele yako, nawe una fedha ya kununua moja tu. Zote mbili zina harufu ya machungwa na maua. Utachagua ipi?

Wengi hunusa mara moja, wakalipa. Haraka hiyo ni kosa. Mafuta ya ganda la chungwa ni mepesi. Huwahi puani, na huwahi kuruka hewani. Harufu ya asumini huja polepole ikakaa zaidi. Basi tia tone la moja katika kifundo cha mkono wa kulia, na tone la pili katika cha kushoto. Shika shughuli zako, unuse tena jioni.

Labda utauliza: je, chungwa lilitudanganya? Hasha! Wepesi ndiyo tabia yake, wala halikuahidi kukaa. Mdanzi, mti mmoja, hutupa mafuta ya ganda na mafuta ya ua, na kila moja lina wakati wake. Mwenye kosa ni mwamuzi aliyekata shauri kabla ya shahidi wa pili kusema.

Katika manukato, hasara ya haraka ni fedha kidogo. Katika kuchagua rafiki au kiongozi, hasara ni kubwa: mpole asiyejua kujitangaza hudhulumiwa, na mchaguzi hujidhulumu nafsi yake. Mvuto wa kwanza usiudharau, lakini usiufanye hakimu. Ungoje jioni.