Mwaka wa Mtoto si Mwaka wa Mtu Mzima

Nilipowaambia ndugu zangu wa Charambe, Mbagala, kwamba ninakwenda Leeds, Uingereza, kusoma shahada ya uzamili, na kwamba watoto wote wawili nitakwenda nao pamoja na baba yao, nilijibiwa neno lile lile kila nyumba: mwaka mmoja tu, si uwaache kwa bibi yao? Walisema kwa mapenzi. Lakini mkubwa alikuwa na miaka minne. Kwake mwaka mmoja ni robo ya maisha yote aliyokwisha kuishi. Mdogo alikuwa hajatimiza miwili. Kwake ni zaidi ya nusu. Sisi watu wazima ndio tunaojua safari ya muda na safari ya kuhama. Mtoto hajui ya muda wala ya kudumu. Anaishi pale alipo leo, basi.

Kwa sababu hiyo tuliuza kiwanja cha Vikindu. Wakati ule Uingereza ilimtaka mwanafunzi aoneshe benki pauni 680 kwa mwezi, hadi miezi tisa, kwa kila mtegemezi atakayeishi nje ya London. Juu ya hizo kulikuwa na tozo ya afya inayolipwa kabla ya viza, pauni 470 kwa mwaka kwa kila mtoto. Februari 2024 ikapanda hadi 776. Bado hujaenda RITA kutafuta vyeti vya kuzaliwa, wala Uhamiaji Kurasini kwa ajili ya pasipoti. Mume wangu aliomba likizo bila malipo. Mama mkwe alinyamaza aliposikia habari ya kiwanja, kisha akasema ardhi inanunulika tena. Hakusema zaidi, nasi hatukuhitaji zaidi.

Mbagala mtoto wa miaka minne ana watu wengi. Anatoka mlangoni asubuhi, anakula uji kwa jirani, anakemewa na mzee anayepita, anasuluhishwa ugomvi na mama muuza vitumbua. Leeds kila mlango umefungwa, na mtoto anagundua kwamba watu wake wote ni baba na mama. Kazi iliyokuwa ya mtaa mzima tukabaki nayo wawili. Ninaamini hili ni zito kuliko baridi ambayo kila mtu alituonya juu yake. Baridi ina koti. Giza la Desemba, jua linapozama kabla ya saa kumi alasiri, lina taa. Mtoto kukosa watu hakuna dawa ila watu, na wenyewe ilibidi tuwatafute: familia za Waafrika kule Harehills, tulikopata na unga wa ugali, wazazi tuliozoeana nao kwenye bembea za Roundhay Park, na shule.

England shule za serikali hazilipiwi, na mtoto huanza Septemba baada ya kutimiza miaka minne. Tangu 2014 chakula cha mchana ni bure kwa madarasa matatu ya mwanzo. Tulimwandikisha mkubwa mapema tulivyoweza. Tulizijua familia zilizoishi mwaka mzima mabegi yakiwa nusu yamefunguliwa, mtoto akinyimwa hata baiskeli ya mtumba kwa kuwa "tunarudi nyumbani". Ninaelewa, fedha hazikutosha. Lakini mtoto anayeambiwa kila siku kwamba hapa si kwake, na kwao hapaoni, anakaa wapi?

Mkubwa wetu kwao alikuwa anapapata kila jioni. Saa mbili usiku ya Mbagala ni saa kumi na moja jioni ya Leeds wakati wa baridi, na saa hiyo bibi alipiga simu ya video. Hakuuliza habari za shule. Alianza hadithi, na hadithi haikusonga mpaka aitikiwe kwa Kiswahili. Ilipofika Pasaka mkubwa alikuwa akimsemesha mdogo wake kwa Kiingereza wakicheza, nasi hatukumkataza. Lugha mbili hazimchanganyi mtoto akili, ili mradi kila moja ina watu wa kuzungumza naye. Kiswahili kilikuwa na bibi, na bibi hakubembelezi.

Siku zile nilikuwa nikimfikiria sana Sayyida Salma, binti Sultani Said wa Zanzibar, aliyeolewa na Mjerumani, akafiwa naye mwaka 1870 na kubaki na watoto watatu wadogo Hamburg. Mwaka 1885 alikwenda nao Unguja. Nchi ya mama yao waliiona wakiwa vijana tayari. Sisi tulikuwa na simu na tiketi ya kurudi, neema ambayo yeye hakuipata.

Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu, na hakuna anayejiandaa kwa ajili yake. Charambe watoto walimwita mkubwa mzungu. Alisimama getini akingoja mtu mzima amsindikize dukani, ilhali binamu zake walikwisha kwenda na kurudi. Kinga ya malaria nayo hupungua mtu akikaa mbali na ugonjwa, kwa hiyo kila homa tulikimbilia kipimo, na chandarua hakikuwa na mjadala. Watu walitushauri shule ya Kiingereza ya kulipia, wakisema ndiyo itakayomfaa. Tulimpeleka shule ya msingi ya serikali wanakosoma binamu zake. Kiingereza kinaweza kusubiri. Mtaa wake haungeweza kusubiri tena.

Leo mlango tuliopita sisi umefungwa kwa wengi. Tangu Januari 1, 2024, Uingereza hairuhusu wanafunzi wengi wa uzamili kwenda na familia, isipokuwa wa shahada za utafiti na wachache wanaofadhiliwa na serikali. Dada mmoja wa Kijichi amepata nafasi ya kuanza Septemba, ana mtoto wa miaka mitatu, akaja kuniuliza. Sikumwambia asiende. Elimu ya mama ni mali ya mtoto pia, na bibi wa Tandika atakayebaki naye amelea wengi.

Nilimsihi jambo moja tu, nami nalisihi hapa. Kwetu tumezoea kumtoroka mtoto: analazwa, begi linatolewa kwa mlango wa nyuma, akiamka anaambiwa mama kaenda sokoni. Tunafanya hivyo asilie. Naye analia kesho yake na keshokutwa, na kila anayekwenda sokoni anamtia hofu. Mwaka wake ni mrefu mno kuanza kwa uongo. Aanze sasa kulala Tandika siku mbilimbili, ajue kitanda chake na sahani yake. Aoneshwe ndege, atajiwe jina la mji. Na siku ya safari aagwe akiwa macho, hata kama uwanja mzima utasikia kilio chake.