Anayemgeuza Mgonjwa Usiku

Leo namfikiria mama aliyeamka saa nane usiku kumgeuza mumewe ubavu wa pili. Kiharusi kimemlegeza mkono na mguu wa kulia, maneno yamempotea. Waliporuhusiwa kutoka hospitali, mke alikabidhiwa dawa za presha na tarehe ya kliniki. Kuuguza hakufundishwa.

Na kuuguza kuna ujuzi wake. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda. Hainuliwi kwa kuvutwa mkono uliolegea, maana bega huteguka. Uji huunywa akiwa ameketi wima, polepole, usimpalie ukaingia mapafuni.

Haya hufundishika vizuri wanaouguza wakikaa pamoja mkekani na muuguzi, wakajaribu kuinuana wenyewe kwa wenyewe. Hapo pia, kwangu mimi ndilo kubwa, mama yule humsikia mwenzake akisema, "Hata mimi jana nililia jikoni." Pole za majirani ni njema, lakini huyu anajua.

Zahanati zetu, misikiti na makanisa, tuwafungulieni wanaouguza chumba, hata mara moja kwa mwezi. Na siku hiyo, jirani, kaa wewe na mgonjwa ili mama aweze kwenda.