Shauri la Mmidiani

Fungueni Kutoka, mlango wa 18. Musa ameketi tangu asubuhi, watu wamempangia foleni hadi jioni, na kila ugomvi wa kambini unamwangukia yeye. Anakuja mkwewe Yethro, anatazama siku moja tu, anamwambia kwamba kazi hii itammaliza yeye na watu wake pia. Kisha anampa mpango: atafute watu hodari, wanaomcha Mungu, wasema kweli, wenye kuichukia rushwa, awaweke juu ya maelfu, juu ya mamia, juu ya hamsini, hata juu ya kumi.

Niambieni, ndugu zangu, Yethro aliuliza wanatoka ukoo gani? Aliuliza habari za mali? Hakuuliza. Na yeye mwenyewe alikuwa nani? Kuhani wa Midiani, mtu wa kuja, asiye wa kabila hata moja kati ya yale kumi na mawili. Utawala wa Israeli ulipangwa kwa shauri la mgeni! Lishikeni hilo, maana nasema na ninyi mlioko Marekani: ninyi wa Lewiston na Portland, wa Manchester na Concord, wa Louisville, wa Dallas, wa Brooklyn Park, ninyi mliotoka Bukavu na Uvira, mkapitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, mkainua mkono wa kuume mkala kiapo cha uraia, mkapiga picha na bendera, kisha mkarudi nyumbani mkafunga mlango.

Nawajua. Mnakesha mkibishana juu ya Washington. Mnajua nani kamtukana nani Kinshasa na nani kahama chama Nairobi. Lakini nikiuliza nani anawawakilisha katika Bunge la jimbo mnamoishi, mnatazamana. Na huyo msiyemjua ndiye aliyeshika mfuko wa shule ya mwanao, sharti la leseni yako ya udereva, sheria anayoitumia mwenye nyumba anapotaka kukutoa, na cheti kinachokuruhusu kumwogesha mzee wa watu kitandani kwake. Ujira wako wa saa pia umo mkononi mwake. Mtu wa Nashua, New Hampshire, akivuka mpaka kuingia Massachusetts anakuta kima cha chini ni dola 15 kwa saa. Huko alikotoka ni dola 7.25, kile kile cha serikali ya shirikisho ambacho hakijasogea tangu 2009. Baridi ni ile ile, na mkate haujui mpaka. Kilichotofautiana ni kwamba mwaka 2018 watu walioketi Boston, katika bunge la Massachusetts, walipitisha sheria, na walioketi Concord, katika bunge la New Hampshire, hawakupitisha.

Basi ni nani hao? Si malaika, wala hawakushushwa kwa kamba. Wako zaidi ya 7,300 katika majimbo 50: mawakili, wafanyabiashara, wakulima, walimu waliostaafu, wauguzi wachache. Abraham Lincoln alipochaguliwa kuingia Bunge la Illinois mwaka 1834 alikuwa mtu mwenye madeni ya duka lililokufa, akisimamia posta ya kijiji cha New Salem na kupima ardhi za watu ili apate kula. Na mwaka 1832 alikuwa amekwisha kugombea akashindwa. Mwaka 1896 wapiga kura wa Utah waliletewa orodha ya wagombea yenye jina la daktari Martha Hughes Cannon wa chama cha Democratic, na jina la mumewe wa chama cha Republican. Wakamchagua mke, tena mke wa nne. (Siku hiyo yule bwana simwonei wivu.) Akawa mwanamke wa kwanza Marekani nzima kuwa seneta wa jimbo, na udaktari wake hakuuacha mlangoni: ndiye aliyesukuma sheria iliyounda bodi ya afya ya Utah. Na mtoto wa Mkenya, Barack Obama, kabla dunia haijamjua, alikaa Seneti ya Illinois tangu 1997, na mwaka 2003 akaongoza sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji, ili mtu asipigwe chumbani halafu ikasemwa kwamba amekiri kwa hiari.

Lakini nataka niwapeleke Georgia, mwaka 1868, na nataka mkae nami huko.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha, watumwa wamekuwa huru, wanapiga kura kwa mara ya kwanza, na wanachagua watu wao kuingia Bunge la jimbo. Wengi kati yao ni wahubiri. Mmoja ni Henry McNeal Turner wa kanisa la Kimethodisti la AME, aliyekuwa kasisi wa wanajeshi Weusi vitani. Mwezi Septemba wabunge Weupe wanakuja na hoja ya kisheria iliyonyolewa vizuri: katiba imewapa Weusi haki ya kupiga kura, haikuwapa haki ya kukalia kiti. Mnaisikia hoja hiyo? Tupeni kura zenu, kiti tuachieni sisi! Wakawafukuza wabunge Weusi 33. Turner akasimama akawaambia kwamba hakuja kuomba huruma yao wala kulamba miguu ya mtu. Haki yake anaidai kama mwanadamu. Kisha wakatoka, na iliwabidi wangoje hadi 1870 kurudishwa, baada ya Washington kuingilia kati.

Miongoni mwa hao 33 alikuwamo Abram Colby wa kaunti ya Greene, aliyezaliwa utumwani. Huyu watu wa kwao walimjia na fedha. Dola 5,000 ukihamia upande wetu, wakamwambia. Au dola 2,500 ukijiuzulu tu, tuweke mwingine. Fedha hizo, kwa mtu wa Greene wakati ule, zilikuwa nyumba na shamba na uzee wa raha. Colby akazikataa. Mwezi Oktoba 1869 watu wa Ku Klux Klan, kundi la Weupe la kuwatisha Weusi, wakamtoa kitandani usiku, wakampeleka msituni, wakamchapa kwa saa tatu au zaidi. Walipomuuliza kama atathubutu tena kukipigia kura chama cha Republican, akawajibu kwamba uchaguzi ukiwa kesho, kesho atakipigia. Wakaendelea kuchapa. Binti yake mdogo aliwasihi wasimchukue baba, wakamwelekezea bunduki, na Colby aliiambia kamati ya Kongresi kwamba mtoto yule hakupona hofu ile mpaka alipokufa.

Yethro alisema watu wenye kuichukia rushwa. Huyo hapo mmoja, mgongo umepasuka.

Sasa tazameni Ohio. Larry Householder, mtu wa mashambani kaunti ya Perry, alikuwa spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo. Mwaka 2019 ikapita sheria ya kuokoa vinu viwili vya nyuklia kwa zaidi ya dola bilioni moja, fedha za wateja wa umeme, mama wajane wakiwamo. Nyuma yake zilikuwa zimepita takriban dola milioni 60 kutoka kwa kampuni ya umeme kwenda mikononi mwake na washirika wake. Mwaka 2023 mahakama ikamhukumu miaka 20 jela. Kwa hiyo msiniambie huyu ni mtoto wa mkulima, huyu ni wa kabila letu, huyu anasali kanisani kwetu, basi yatosha! Mkulima anaweza kuuza watu. Mcha Mungu wa Jumapili anaweza kuuza watu. Asili ya mtu inawaambia alichokiona maishani. Kama ameihifadhi au ameisahau, hilo mtaliona katika kura zake, na kura zake zimeandikwa, ziko wazi kwa yeyote atakayejisumbua kuzisoma.

Huko Brooklyn Park, Minnesota, wengi wenu mnaishi. Melissa Hortman, wakili, alikuwa spika mwaka 2023 Bunge la jimbo lilipoamua kwamba kila mtoto shuleni atapata kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo, na kwamba leseni ya udereva haitategemea tena hati za uhamiaji. Watoto wangapi wa kanisa hili wamekula sahani ile bila kujua imepikwa na kura ya nani? Tarehe 14 Juni 2025 mtu aliyevaa kama polisi aligonga mlango wake akamuua yeye na mumewe Mark. Utumishi huu una gharama hadi leo, siyo hadithi ya Georgia peke yake. Na katika maeneo hayo hayo, mwaka uliotangulia, wapiga kura walikuwa wamemchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya. Mnaomba Mungu awape mfano, na mfano mnaupita dukani!

Najua mtaniuliza, mchungaji, nani ataacha zamu ya ghala akakae bungeni? Mmeuliza vema, na hapa nitawasema wakubwa. Mbunge wa New Hampshire analipwa dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 1889. Texas inalipa dola 600 kwa mwezi na posho za siku za vikao. Wanaita hilo bunge la raia, wanalisifu kuwa halina uroho. Mimi nasema limemfungia nje mfanyakazi kwa adabu: mlango uko wazi, lakini anayeweza kuingia ni mstaafu, tajiri, au mwenye kazi ya kujipangia. Ndiyo maana katika nchi nzima wabunge wa majimbo waliotoka moja kwa moja katika kazi za mikono na za huduma hawafiki 2 katika kila 100. Wasafishaji, madereva, wapakiaji, wahudumu wa wazee, hebu jihesabuni. Ninyi ndio wengi mtaani, na bungeni hampo.

Basi msingoje mlango upanuliwe na wale ambao haujawabana. Kanisa liwe na mfuko wa kumshika mtu mmoja miezi ya vikao, kama tunavyochangia msiba na harusi bila kuulizana mara mbili. Akina mama wapangiane kukaa na watoto wake. Wewe mwenye grinikadi, usiguse karatasi ya kura, utajiletea kufukuzwa nchini. Lakini mdomo wako ni halali. New Hampshire kila muswada hupewa kikao cha hadhara, na hakuna anayeulizwa uraia ili kusema. Nendeni mkaseme! Kiingereza kikivunjika, kivunjike mbele yao, na mkaeleze dola 7.25 inanunua nini. Na ninyi raia, jueni kwamba kuwa raia tangu kuzaliwa ni sharti la Rais. Kwa mbunge wa jimbo si sharti. Theluthi au zaidi ya viti hivi katika uchaguzi hukosa mpinzani wa chama kikubwa cha pili. Mtu anashinda kwa sababu hakuna aliyesimama.

New Hampshire ina viti 400 katika Baraza lake la Wawakilishi, kiti kimoja kwa watu wapatao 3,400, idadi ambayo mama mmoja mwenye miguu na subira anaweza kuibisha hodi nyumba hadi nyumba katika kiangazi kimoja. Sharti ni miaka 18, makazi ya miaka miwili jimboni, na kuishi katika eneo unalogombea. Ada ya kujiandikisha kugombea imekuwa kwa miaka mingi dola 2. Ndugu raia unayenisoma, mbili hizo unazo. Mwezi Juni karani wa mji atakuwa mezani kwake, na mimi nitakusindikiza.