Kucha za Sumaku na Mdomo wa Gunia

Neno la wiki: 1 Samweli 16:7, Mithali 11:1, 1 Petro 3:3-4



Miezi michache iliyopita, dakika chache kabla ya ibada, nilimwita pembeni dada mmoja wa timu ya sifa. Kucha zake zilikuwa nyeusi, na katikati ya kila ukucha mlikuwa na mstari wa fedha uliohama kila alipogeuza mkono, kama jicho la paka usiku. Nikamwambia, "Dada, leo keti chini. Hizo kucha zinadanganya watu." Hakubishana. Alisema tu, "Sawa, Pasta," akaenda kuketi nyuma.

Lakini hilo neno "zinadanganya" lilinifuata hadi nyumbani. Zinamdanganya nani? Wiki hiyo mimi na mke wangu tukamtembelea kazini, hapa Busia, si mbali na mpaka. Ana meza, mwavuli na kikapu cha chupa. Kazi yake ni kucha, na kwa hiyo kazi anamsomesha ndugu yake.

Akatuonyesha bila kinyongo. Ile rangi ina unga laini sana wa chuma. Ikiwa bado mbichi, anashikilia sumaku juu yake sekunde chache bila kuigusa, na unga unajipanga mstari. Ikishakauka, hata ulete sumaku kubwa namna gani, haisongi. Kuna nyingine ya nyufa: unapaka rangi ya chini, unaiacha ikauke, halafu unapaka ya juu. Ya juu ikikauka inajikunyata na kupasuka, na ile ya chini inachungulia.

Tukiwa hapo akaja mteja. Ukucha wake mmoja ulikuwa mnene, wa manjano, umeanza kubanduka. Alitaka ufunikwe kwa rangi maana alikuwa anaenda harusi Malaba. Dada yetu akakataa. "Mama, huu ni mgonjwa. Nikiufunika utaendelea kuoza ndani. Nenda zahanati kwanza." Yule mama akanuna, akavuka kwa jirani mwenye meza kama hiyo. Pesa ikaenda hivyo, tukiona.

Wapendwa, nilinyamaza. Nilikumbuka maragwe.

Kabla ya kuingia huduma nilikuwa nauza maragwe yanayotoka Uganda. Chuoni nilisomea biashara, na tulifundishwa kwamba mteja hununua kwanza kwa macho. Basi mimi nikaitumia elimu hiyo vibaya: maragwe ya zamani, yaliyotobolewa na wadudu, chini ya gunia, mapya yanayong'aa juu, mdomoni. Mteja wangu mmoja wa Kisumu alifungua, akachota kiganja, akatabasamu, akalipa. Na Ijumaa ile ile niliongoza maombi, kucha zangu zikiwa fupi, safi, hazina rangi hata tone.

Sasa niulize: kati ya ukucha wa dada na gunia langu, ni kipi kilidanganya?

Mimi naona hivi. Uongo ni kitu kilichotengenezwa ili kiaminiwe. Hakuna mtu duniani aliyeona ukucha wenye mstari wa fedha akadhani Mungu ameuumba hivyo. Pambo linajitangaza: mimi ni pambo. Gunia langu halikujitangaza. Nguvu yake yote ilikuwa kwamba mnunuzi asijue. Vivyo hivyo gorogoro iliyogongwa kitako kikaingia ndani, ili nafaka ipungue. Hiyo haina rangi, na hakuna mzee wa kanisa anayeisimamisha mlangoni.

Mtu atasema, "Pasta, na Petro je?" Ni kweli, Petro anawaambia kina mama uzuri wao usiwe wa nje, uwe wa moyoni. Siufuti huo mstari. Ukipaka kucha kwa pesa ya unga wa watoto, au ili kumdharau jirani, hapo una kesi na Mungu. Lakini Petro anatuelekeza moyoni, na mimi niliishia vidoleni. Ni rahisi kukagua vidole. Moyo unahitaji muda, na wakati mwingine unahitaji uende ukaketi chini ya mwavuli wa mtu.

Jumapili iliyofuata nilimwomba dada msamaha mbele ya timu nzima, kwa sababu nilimwaibisha mbele yao. Kisha nikamtafuta yule mteja wa Kisumu, nikamweleza nilichofanya. Akacheka kidogo. "Nilijua siku ile ile nilipomwaga gunia," akasema. "Kwani unafikiri ni kwa nini sikurudi?" Nimeanza kumlipa, kidogo kidogo.

Wapendwa wa soko, wa boda boda, wa ofisi za mpakani: moyo ni kama ile rangi ya sumaku. Ukiwa bado mbichi, Mungu anaupanga. Usingoje ukauke. Wiki hii, kabla hujaangalia kucha za mwenzako, fungua gunia lako mwenyewe, uingize mkono mpaka chini.

Bwana awabariki.