Nani Yuko Chini Yetu Mtoni?



Baada ya semina ya wachungaji huko Kasese tulipelekwa Nyakalengija, mahali ambapo wapanda milima huanzia safari ya Rwenzori. Sisi hatukupanda. Tulisimama kando ya mto Mubuku, na mpagazi mmoja Mkonzo akatueleza njia yake. Wanande kati yetu walimwelewa bila mkalimani.

Alisema mto Bujuku, unaoungana na Mubuku karibu na Nyabitaba, hupita kwenye vinamasi vilivyo juu ya mita 3,000. Ardhi ya huko ni kama sifongo: hunyonya mvua, kisha huiachilia pole pole. Wapagazi huvaa gambuti na kuruka toka kichuguu kimoja cha nyasi hadi kingine. Ukikosea, unazama hadi magotini. Lakini kichuguu kikikanyagwa na wengi hufa, kikawa tope. Ndiyo maana kule Bigo imewekwa njia ya mbao.

Tukamwuliza, "Kaka, huko juu hakuna anayekuona. Kwa nini ujali unapokanyaga?" Akajibu, "Wachungaji, maji haya nayanywa nyumbani."

Jibu ni zuri, lakini halitoshi. Yeye analinda maji yake. Je, asiyekunywa maji hayo anawiwa nini? Hilo ni swali letu sisi wakimbizi, maana tumezoea kusema, "Hapa si kwetu, tunapita tu." Kwa neno hilo tumekata miti, tumefua nguo juu ya chemchemi, na mama anayeteka chini tumemwachia povu.

Tuyafuate maji. Mubuku huingia Ziwa George, maji yakapita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward. Kutoka hapo mto Semliki huyachukua ndani ya Kongo, hadi Ziwa Albert na Nile. Maji hayaulizwi karatasi mpakani. Yanayotoka Nyakalengija huenda upande wa ndugu zetu tuliowaacha.

Sisi tunajua uchungu wa kukaa chini ya mto. Watu tusiowajua waliamua mambo mahali tusipopaona, nasi tukakimbia usiku na watoto mgongoni. Tunalia kwa haki. Lakini aliyetendewa hivyo asidhani yuko chini siku zote. Kwenye bomba, kwenye foleni ya chakula, hata katika maneno tunayosema juu ya jirani, kila mmoja wetu yuko juu ya mtu asiyemwona.

Yeremia 29:7 iliandikiwa watu waliohamishwa. Waliambiwa wautafutie amani mji usio wao. Hawakuambiwa wangoje kwanza kurudi kwao.

Basi juma hili, kabla hatujamwaga maji ya sabuni, tutazame chini kidogo. Kuna mama ameshika ndoo.