Anza Biashara Mshahara Ungali Unaingia

Chukua kalamu, tupige hesabu. Mwalimu wa shule ya serikali amechangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kwa miezi 360, yaani miaka 30 bila kukatika. Wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu iliyo bora ni shilingi milioni moja kwa mwezi. Kwa kikokotoo cha mafao kilichoanza Julai 2022, chenye mkupuo wa asilimia 33, akistaafu angepokea takriban shilingi milioni 30.7 kwa mara moja. Kisha angeingiziwa kama shilingi 416,000 kila mwezi, maisha yake yote.

Sasa weka jina lako mahali pa mwalimu huyo. Ada ya mtoto wa mwisho imo humo? Dawa za presha zimo? Nyumba ambayo hujaimaliza kupaua imo?

Mwaka 2024 Serikali ilipandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa kundi la watumishi waliokuwa wakilipwa asilimia 50 kabla ya mabadiliko ya 2018. Watumishi walikilalamikia kikokotoo kwa miaka, na nafuu hiyo waliistahili. Lakini kinachoongezwa kwenye mkupuo hupungua kwenye pensheni ya mwezi. Hata tukishinda kila mjadala wa kikokotoo, bado tutakuwa tunagawana fedha zile zile. Fedha mpya lazima zitoke kwenye akili na mikono yako.

Hapo ndipo wafanyakazi wengi hupotea kwa njia mbili. Wa kwanza husema, "Mifuko hii haina maana, naacha kazi nikajiajiri." Wa pili husema, "Subiri nipate kiinua mgongo, ndipo nitafungua biashara." Ndugu msomaji, nakusihi usiwe yeyote kati ya hao. Linda mfuko wako kwa nguvu zote, na uanze biashara leo, mshahara ungali unaingia.

Usiudharau mfuko. Mtumishi wa umma huchangia asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza asilimia 15. Kwa wafanyakazi wa sekta binafsi wanaochangia NSSF jumla ni asilimia 20, na kwa kawaida mwajiri hubeba nusu. Ni biashara gani itakayokupa nyongeza kama hiyo tangu mwezi wa kwanza, bila wewe kufungua duka wala kumtafuta mteja? Tena pensheni haiulizi kama mvua imenyesha au soko limelala. Ukifikisha michango ya miezi 180 na ukatimiza umri, inalipwa. Mtu anayeacha kazi kwa hasira akiwa na miezi 150, kwa sababu rafiki yake amemwambia bajaji zinalipa, anaiacha haki aliyoitolea jasho ikiwa imebaki hatua chache tu.

Na haki hiyo ifuatilie. Kukatwa kwenye hati ya mshahara si sawa na michango kufika kwenye mfuko. Wapo waajiri wanaokata na wasiwasilishe, na mfanyakazi hugundua akiwa amekwisha kuaga kazini. Omba taarifa ya michango yako mara kwa mara. Mwezi ukikosekana, uulizie sasa, ungali na nguvu ya kudai.

Hata hivyo, mfuko una mpaka wake. Umewekwa ili usilale njaa uzeeni. Kazi ya kukutajirisha haikuwa yake tangu mwanzo. Hesabu yake hutokana na mshahara wako, na mshahara mdogo huzaa pensheni ndogo. Kinachozidi hapo utakitengeneza mwenyewe.

Swali ni lini. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na wa lazima ni 60. Tunawajua wazee wetu waliopokea mkupuo asubuhi na jioni wakawa wafanyabiashara. Mmoja alinunua daladala. Baada ya miezi michache dereva haleti hesabu, gari liko gereji. Mwingine alijenga banda la kuku elfu moja bila kuwahi kufuga hata hamsini. Ugonjwa wa kideri ukapita, likabaki banda. Wengine walitoa fedha zao kwa watu waliowaahidi faida ya haraka. Hatujasahau DECI, ambayo maelfu ya Watanzania "walipanda mbegu" ndani yake hadi ilipofungwa mwaka 2009. Wazee hawa hawakuwa wavivu wala wajinga. Walilazimika kujifunza biashara katika umri ambao kosa halina nafasi ya kusahihishwa, wakilipia ada ya shule hiyo kwa jasho la miaka 30.

Ndiyo maana nakuhimiza: kosea mapema, na ukosee kwa fedha ndogo. Laki tatu zikipotea ukiwa na miaka 35, mwisho wa mwezi mshahara unaingia, unakaa chini, unajiuliza umekosea wapi na unaanza tena. Milioni thelathini zikipotea ukiwa na miaka 61, hakuna mwisho wa mwezi wa kukuokoa.

Mtazame Reginald Mengi. Alikuwa mhasibu, akapanda hadi kuongoza kampuni ya Coopers & Lybrand nchini. Hakusubiri kustaafu. Akiwa bado kazini alianza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, katika miaka ambayo bidhaa zilikuwa adimu madukani. Aliona kitu kinachokosekana, akakitengeneza kwa kiwango alichokimudu. Ajira aliiacha mwaka 1989, wakati biashara tayari ina miguu yake. Kundi la makampuni ya IPP lilitokana na mwanzo huo. Huhitaji kuwa Mengi. Mpangilio wake ndio wa kuiga: kwanza uhitaji wa watu, kisha jaribio dogo, kisha ukuaji, na barua ya kuacha kazi mwisho kabisa.

Utaambiwa, "Mshika mawili moja humponyoka." Methali hiyo humpata anayeshika mawili kwa pupa. Wewe shika kwa utaratibu. Saa za mwajiri ni za mwajiri. Usiuze vitenge ofisini huku wagonjwa au wanafunzi wanakusubiri. Jioni, Jumamosi na likizo ni zako. Fundi umeme wa kiwandani anaweza kufunga umeme kwenye nyumba za mtaani kwake. Mhasibu anaweza kuwatunzia hesabu wenye maduka. Bwana shamba anaweza kulima bustani ya mboga inayouzwa kabla ya kuvunwa. Anza na ujuzi ambao tayari unalipwa mshahara kwa ajili yake, kwa sababu hapo ndipo makosa yako yatakuwa machache.

Kisha iheshimu biashara yako, hata ikiwa ya mtaji wa laki mbili. Ifungulie akaunti yake au laini yake ya simu. Andika kila kinachoingia na kinachotoka. Faida usiile mpaka biashara itimize mwaka. Na mtaji usitafute kwa mikopo ya kausha damu; hiyo haijawahi kumjenga mtu. SACCOS ya kazini au VICOBA ya mtaani, ambako watu wanajuana na riba inajulikana, vitakufaa zaidi.

Faida ikishapatikana, ipe kazi. Mfuko wa Umoja, mfuko wa uwekezaji wa pamoja ulio chini ya UTT, umekuwapo tangu 2005 na unampokea hata mwenye akiba ndogo. Hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu huanzia shilingi milioni moja, na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Biashara ikuze fedha, uwekezaji uzitunze, na mfuko wa pensheni ubaki pale pale ukikusubiri.

Nawe uliyejiajiri tayari, mama lishe, dereva wa bodaboda, mwenye fremu Kariakoo, usidhani maneno haya hayakuhusu. Biashara inayotegemea nguvu za mwili wako itachoka siku mwili utakapochoka. NSSF inawapokea waliojiajiri wenyewe. Jisajili, uchangie kila mwezi, ujilipe pensheni ambayo hakuna mwajiri wa kukulipia.

Basi mshahara wa mwezi huu usipite kama ule wa mwezi uliopita. Omba taarifa ya michango yako. Andika jambo moja ambalo watu wa mtaani kwako wanalihitaji na wewe unaliweza. Tenga fedha kidogo ambazo zikipotea hutalala njaa, uanze jaribio lako kabla mshahara mwingine haujaingia. Una akili, una ujuzi, na una kipato kinachokuruhusu kujaribu na kujaribu tena. Mstaafu anayelilia mkupuo wake uliopotea angetoa kila alichonacho apate muda ulio nao wewe leo. Utumie!