Samaki wa Mahenge na Waliofia Njiani

Mahenge, mkoani Singida, kaskazini ya njia ya zamani ya misafara iliyoleta watu Tabora kutoka pwani, palikuwa na ziwa ndani ya shimo la volkano. Ziwa lilikauka na matope yake yakawa jiwe. Mwaka 1967 wataalamu wawili, Greenwood na Patterson, walieleza samaki aliyeonekana katika jiwe hilo, wakamwita Singida. Hakupotea yeye tu, jenasi yake nzima imetoweka. Mawe hayo hukadiriwa kuwa na miaka milioni 46 hivi.

Tukitaja hesabu hiyo kanisani, mjadala hukimbilia siku sita za Mwanzo. Una mahali pake, ila swali linalotusumbua ni lingine. Samaki huyu aliishi, akazaa, akaisha, wala hakuna mtu aliyemvua au kumla. Mungu alimuumba kwa ajili ya nani?

Tumezoea kujibu kwamba viumbe vyote viliwekwa kwa faida yetu. Mahenge jibu hilo halisimami. Zaburi ya 104 ni pana zaidi: simba humwomba Mungu chakula, mnyama wa baharini hucheza tu, na Mungu akiondoa pumzi yao hufa. Hakuna anayeulizwa alimfaa nani.

Sisi wa Tabora tulipaswa kulielewa hili upesi. Kwihara tunawaonyesha wageni nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1872. Mwaka uliofuata mwili wake ulipitishwa huku kupelekwa pwani, na Chuma na Susi waliousindikiza tunawakumbuka kwa majina. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na watumwa walipita njia hiyo wamefungwa. Walioanguka waliachwa porini. Samaki ana jina vitabuni. Wao hawana hata kaburi.

Hatuwalinganishi watu na samaki. Katika Luka 12 Yesu anatuweka juu ya shomoro wengi, lakini anaanza na shomoro mwenyewe, ndege wa bei ya chini sokoni, ambaye Mungu hamsahau. Kama thamani hutegemea kukumbukwa na wanadamu, waliofia porini wamepotea mara mbili. Sisi tunaamini wanajulikana, mmoja mmoja, na yule aliyelitazama ziwa la Mahenge kabla hajawapo mtu wa kulitazama. Kwa nini aliacha waanguke, hilo hatuna jibu lake, wala habari ya shomoro hailijibu.